Watu Watatu wa Shamba Letu

Wilmot mwanangu, huko Virginia uliko,

Baba yako mdogo sasa ni mwenye ardhi! Mfalme ametia muhuri, shamba ni langu milele.

Haya, ni uongo. Mfalme alimpa bwana mkubwa, naye akatukodishia kwa maisha ya watu watatu: akiwa hai hata mmoja wao, hatutoki. Tuliandikisha baba yako, mke wangu Jenifer, na wewe uliyekuwa bado unanyonya. Mimi nilirukwa kwa sababu ya kikohozi. "Huyu hafiki Krismasi," alisema baba yako. Miaka thelathini sasa, na mwenye kikohozi ndiye aliyewazika wote wawili.

Jenifer alituacha wakati wa mavuno. Msimamizi wa bwana mkubwa akaja kumchukua ng'ombe wetu bora, ndiyo desturi mwenye jina kwenye mkataba akifa. Amebaki mbuzi. Namsalimu kila asubuhi, haitikii.

Msimamizi akaniuliza, "Na yule Wilmot, yu hai?"

"Hai kukushinda wewe!"

"Basi lete ushahidi kabla ya Pasaka, mzee, la sivyo utahama."

Miaka sita hujaandika. Nimemwambia mbuzi una shughuli nyingi.

Unakumbuka nilivyokuvuta kutoka kwenye bwawa la kinu cha kusagia nafaka, ukaapa utanilipa? Sasa nilipe. Mwambie mchungaji wa huko aandike kwamba unapumua, na mashahidi wawili watie sahihi. Kisha ongeza mstari mmoja kwa mkono wako mwenyewe. Huo si wa msimamizi.

Baba yako mdogo,
Digory