Mahali Ngano Iliponyooka

S.L.P. 41,
Rosengart, Manitoba.
Jumapili, 11 Juni.

Mpendwa mwanangu Lena,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Hujambo huko Brandon? Unakula? Nakuuliza kwa sababu Bibi Sara ameota umekonda, na tangu aamke hataki kuambiwa vingine. Sisi ni wazima, ila goti langu linajua mvua kabla ya redio. Usizicheke herufi zangu, unajua shule yangu iliishia wapi. Naandika kwa kalamu kwa sababu simu ya nyumba hii iko mezani, na baba yako ana masikio.

Barua yako nimeisoma mpaka imelegea mikunjo. Nimefurahi kwamba uanagenzi umeanza vizuri na kwamba wamekupa meza yako ya kupokea simu za wakulima wanaosumbuliwa na mashine. Nilimsomea Bibi kwa sauti. Akauliza, "Kwa hiyo anakaa ndani, na trekta liko nje, na analitengeneza?" Nikamwambia ndivyo. Akasema, "Basi hata mhubiri hajafika huko."

Mikate ya siagi ya jana nimekufungia pamoja na soseji. Kaka yako Jakob akija mjini kwa vipuri atakuletea. Usigawie ofisi nzima.

Sasa nije kwenye lile ulilouliza, kama baba yako anakutaka nyumbani wakati wa mavuno, au uwakubalie wakubwa wako ubaki moja kwa moja. Nilimuuliza wakati wa chakula. Akapaka siagi mkate mpaka ukingoni, kisha akasema, "Ana kazi yake." Nikangoja. Akauma mkate. Mwanangu, nimeishi na huyu mtu miaka yote hii na bado sijui kusoma kimya chake. Nasikitika sina jibu zuri zaidi la kukupa.

Nasikitika pia kwa siku ile ulipoondoka, alivyojifungia kwenye banda kugonga chuma ambacho hakikuwa na ubaya. Uliangalia nyuma mara ngapi sijui, mimi nilikuwa naangalia mlango wa banda.

Halafu kuna ile simu baba yako aliyowapigia ofisini wakati wa kupanda. Najua ulimtambua, na wewe ujue kwamba nilikuwepo. Nilikuwa nimepeleka supu shambani. Alikuwa amefungua sauti ya simu kwa ajili ya kelele za injini, nikasikia, "Kitengo cha msaada, naitwa Lena, nikusaidie nini?" Sufuria nusura initoke mikononi.

Alivua kofia, akaivaa tena. Kisha akasema, "Dada, hii mashine yenu ya kujishikia usukani imelewa. Inakata kona pasipo na kona."

Ukamuuliza kama kwenye mstari wa kwanza alizunguka kitu. Akasema alizunguka kidimbwi, bata wametaga pale. Ukamwambia taratibu, "Basi hapo ndipo ilipojifunza, mzee. Kila mstari unaufuata ule wa kwanza. Mwalimu wake ni wewe."

"Mimi sijamfundisha mtu kupinda," akasema.

Nilikusikia ukivuta pumzi. Kisha ukamwelekeza abonyeze wapi, afute nini, aanzie wapi upya, kwa sauti ile ile uliyokuwa unamwongeleshea ndama anayekataa chupa. Akafuata yote. Mwisho akasema, "Asante, dada," akakata.

Dada. Mtoto wake wa kumzaa. Na mimi nimesimama na sufuria, jina lako limenijaa mdomoni, sikulitoa. Hilo ndilo linaloninyima raha, Lena. Ningeita tu. Injini isingenizuia.

Ngano imeota sasa. Ukisimama barabarani unaona wazi ulipopokea simu: upande wa mashariki mistari yote imejikunja kama imekwepa kitu, halafu ghafla inanyooka hadi kwenye uzio. Na unawajua watu wetu, wakitoka kanisani magari yanatembea kama ya msiba ili wakague mistari ya kila mtu. Leo Abram Dueck, jirani yetu mwenye domo, alisimamisha gari kabisa, akateremsha kioo.

"Diedrich, mwaka huu umepanda ngano au unafuga nyoka?"

Nilifikiri baba yako atapita. Alisimama. "Kulikopinda ni kwangu," akasema. "Kulikonyooka ni kwa Lena. Na wewe ukikwama mpigie. Ila zungumza kistaarabu, yule si wa kufokewa."

Kisha akamtajia namba ya ofisi yenu kwa kichwa, bila kusoma popote. Abram akapandisha kioo taratibu, na hilo si la kila Jumapili.

Nilimwambia tukiwa njiani kwamba maneno hayo angekwambia wewe. Akasema, "Yuko kazini, hawezi kusumbuliwa bila sababu."

Basi sikiliza. Baada ya chakula alitoweka. Nimechungulia dirishani, nikamwona amekaa kwenye trekta lililozimwa, mlango wazi, simu mkononi. Jumapili, na yeye hata msumari hagusi siku ya Bwana. Anabonyeza kioo, anatazama, anabonyeza tena. Trekta halina ubaya wowote, Jakob alilikagua jana.

Anatafuta kilichoharibika, mwanangu, na hakioni. Mpigie wewe. Usingoje kitu kivunjike.

Bibi Sara anakusalimu, anasema ule mayai. Jakob na mkewe Anna wanakusalimu, na mtoto wao ameota jino. Mungu akulinde uingiapo na utokapo, na akupe usingizi mzuri katika kitanda ambacho sijakitandika mimi.

Wako akupendaye daima,
Mama,
Aganetha Fehr.