Kumbukumbu ya Dada Yetu, Mwenye Hesabu ya Vitanzi Viwili

Mwaka umetimia, dada, tangu ulipotutoka asubuhi ile ya Jumanne, penseli yako ikiwa bado chini ya mto. Anayesoma tangazo hili akitarajia machozi tu, na avumilie hadi mwisho.

Tunakumbuka ulivyochonga penseli kwa wembe ukijaza uchafu kwenye visahani vya mama. Kifutio hukukitaka kabisa. Ukikosea ulipiga mstari mmoja, ukaandika tarehe na maneno matatu: "Hapa nimekosea mimi." Tulikucheka sana. Utusamehe.

Kazi yako ulituelezea jikoni, ukimenya vitunguu. Chembe ya Higgs ikivunjika huweza kutoa chembe mbili za ladha moja, yaani za aina moja: muoni kwa muoni, au tau kwa tau, hao ndugu wazito wa elektroni. Muoni na tau pamoja, kanuni zilizozoeleka zinakataa. Lakini kama zipo Higgs nyingine ambazo hazijaonekana, mchanganyiko huo unaweza kutokea, mara chache mno.

Mama akaacha kukoroga. "Yaani miaka yote hii mnatafuta mtoto wa nje?"

"Ndiyo, mama. Na tukimpata, tutajua kuna baba mwingine."

Mama alicheka mpaka akashika meza.

Mkuu wako pale taasisini, ambaye hapa nyumbani tunamwita Bwana Suti, alipata cheo kwa nadharia yake ya Higgs za ziada. Nadharia hiyo iliahidi kwamba muoni na tau zingeonekana pamoja kwa wingi. Wewe ukauliza: ukiiruhusu Higgs itoe muoni na tau, si umeipa na tau njia ya kugeuka muoni na kutoa mwanga? Na hilo hakuna aliyewahi kuliona. Yeye alikuwa amehesabu michoro yenye kitanzi kimoja, ile mnayochora kufuata njia za chembe, ile ya vitanzi viwili akaitupa.

"Hiyo midogo, binti. Achana nayo."

"Midogo kwa kuitazama au kwa kuikokotoa, mzee?"

Ulikokotoa miezi saba. Michoro ya vitanzi viwili, kwa sababu ndani yake hupita chembe iitwayo kwaki ya topu ambayo Higgs huishika kwa nguvu kuliko zote, ikaizidi ile ya kitanzi kimoja. Kama yeye angekuwa sahihi, mwanga ule wa tau ungekuwa umeshaonekana zamani. Nadharia yake ikabaki mifupa.

Ulipolazwa, alikuja na maua. Akaomba daftari lako la hesabu: "Nikalipitie, wewe usijichoshe." Alilirudisha siku ya nne. Wiki tatu baada ya kukuzika, hesabu ile ikatoka jaridani kwa jina lake peke yake, eti kajikosoa mwenyewe, na watu wakamsifu kwa uungwana! Wewe ulikuwa mstari wa mwisho: anamshukuru marehemu kwa mazungumzo mazuri.

Mazungumzo!

Tulimfuata ofisini. Viti vilikuwepo, hakutukaribisha. "Poleni sana," akasema, "lakini fizikia hairithiwi. Ninyi mtaelewa nini humo?"

Mimi kaka yako, fundi wa majokofu, shule niliiachia njiani, lakini tusi nalielewa. Nikachukua vitabu vyako. Miezi kadhaa, kila nikitoka kazini, rafiki yako wa meza ya pili kule taasisini alinisahihisha bila kunionea huruma. Kichwa kiliuma. Nikarudi tena kesho yake.

Na humo daftarini, kurasa tatu mbele ya pale aliponakili, nikakuta mwandiko wako wa kitandani, umelegea: mstari mmoja, tarehe, yale maneno yako matatu. Mchango wa chembe nyingine ipitayo vitanzini, iitwayo W, ulikuwa umeujumlisha na wa topu, kumbe unaupunguza. Vitanzi viwili bado vilishinda, ila kwa kiasi kidogo zaidi. Tarehe ni siku nane baada ya kurudishiwa daftari. Yeye, dada, alichapisha kosa lako, nukta kwa nukta. Angekokotoa mwenyewe, angalau angekosea kivyake.

Tuliwapelekea wahariri kila ukurasa. Juzi wamejibu. Makala yake imeondolewa. Hesabu yako, ikiwa na masahihisho yako, inatoka kwa jina lako peke yake.

Jioni hiyohiyo akapiga simu, sauti laini kama mafuta. "Mama, tuyamalize kifamilia."

"Familia ipi, baba? Mimi nilizaa watatu, na wote nawajua kwa sura."

Akakata simu yeye mama, si yule bwana.

Ijumaa taasisi inamwita ajieleze. Tutakaa viti vya mbele, nguo zimepigwa pasi, na safari hii atakayesimama ni yeye.

Unakumbukwa na mama yako. Mimi kaka yako fundi. Mdogo wako mshonaji. Shangazi aliyekufundisha kuhesabu kwa vifungo. Na wanangu wawili, wanaochora vitanzi vyako kwa chaki ukutani wala hatuwagombezi.

Wewe tutakukumbuka siku zote za uhai wetu. Na yeye pia.