Kitufe cha Nyumbani

Kigali, Jumapili

Mama,

Shikamoo. Magoti yanasemaje na baridi hii ya Ilomba? Mdogo wangu Atupele ameniambia mnaanza kuota moto tangu alasiri. Mimi ni mzima, ila ugali wa huku na mimi bado hatujaelewana.

Uliponipigia ulisema mambo mawili. Kwanza, ile programu ya simu niliyoitengeneza, ya bei za parachichi, ilijizima mbele ya akina mama wa kikundi chako, wakakucheka. Pili, ukaniuliza kama chumba changu umpe mpangaji, maana miaka inapita na mimi sionekani. Nilikujibu lile la kwanza tu.

Hapa kazini wote walisema simu yako imechoka. Iliniuma. Nikamwomba Atupele akae karibu yako aone unavyoitumia. Akaniambia, "Kaka, mama akishaangalia bei, lazima abonyeze kitufe cha Nyumbani kwanza ndo aende ukurasa wa wanunuzi. Akitoka huko, Nyumbani tena. Eti huwezi kutoka mji wa mtu ukaingia wa mwingine hujapita kwako!"

Nilicheka peke yangu. Ndivyo ulivyotulea: anayeunganisha nyumba kwa nyumba hubeba umbea.

Sisi huku tunaruka ukurasa hadi ukurasa, ndiyo maana kosa hatukuliona. Kile kitufe hakikukurudisha kwenye ukurasa wa mwanzo. Kilifungua mwingine mpya juu yake, na ule wa zamani ukabaki chini na picha zake zote, haujafungwa, unakula kumbukumbu ya simu. Ukizunguka sana, simu inaelemewa na programu inajizima. Sasa nimerekebisha: ukibonyeza, kurasa za katikati zinafungwa, unarudi kwenye ule ule wa kwanza. Waambie akina mama wajaribu tena. Simu yako haina kosa, wala wewe.

Tangu hapo nawaza, mama. Dodoma nilipanga chumba nikasema hapa ndipo kwangu, Dar hivyo hivyo, na sasa huku. Kila nilipofika nilinunua kitanda kipya, na Ilomba nimekuwa naibeba moyoni tu bila kuja. Nimechoka kuibeba hivyo. Nimeomba likizo, wamekubali, nafika kabla parachichi hazijaisha.

Nisalimie mjomba wa Iyunga, na shangazi aliyeolewa Iringa akipiga simu. Atupele asinune, zawadi yake ipo.

Na huyo mpangaji mwambie chumba kina mwenyewe.

Mwanao,
Lusajo