Nilijipeleka Kupimwa Damu Kama Ng'ombe wa Mnada

Jumatano, Karatu. Ukungu haujaondoka tangu asubuhi, tope jekundu limeng'ang'ania viatu, na mimi nina hasira.

Kwa mliochelewa kunifahamu: moyo wangu ulikuwa unapiga ovyo, mara unakimbia, mara unaruka, kama mlevi anayeteremka kilima. Wakanipeleka Dar, wakapitisha waya kwenye mshipa wa paja mpaka moyoni, wakachoma pale palipokuwa panaleta fujo. Ukatulia.

Sasa daktari wetu wa hapa, binti mdogo mwenye miwani, akasema ugonjwa huu una tabia ya kurudi. Akataka damu. Eti moyo ukilemewa kuna vitu unavimwaga kwenye damu, na vikiwa vingi, ni dalili kwamba mapigo yanaweza kuvurugika tena.

Mwanangu Paskali, anayeishi Arusha, aliposikia akapiga simu. "Mama, damu ikiwa mbaya unahamia kwangu. Ng'ombe tunauza."

Nihamie Arusha? Nyumba ambayo ukikohoa jirani anaitika, na maziwa yanatoka kwenye pakiti?

Nikaamua damu yangu itakuwa nzuri.

Huku kwetu nani asiyejua? Ng'ombe akienda mnadani, jioni ya kuamkia mnada unamlambisha magadi. Anashikwa na kiu, anakunywa maji mpaka tumbo linajaa, na mnunuzi akimwona anatabasamu. Nimeuza ng'ombe hivyo tangu sina mvi. Basi nikajifanyia vilevile. Supu ya kwato, chumvi ya kutosha harusi, maji jagi zima, na alfajiri nikarudia. Nikaingia maabara nimejaa, uso unang'aa. Hata dereva wa bodaboda alisema, "Bibi, umenenepa!"

Nikajua imekubali.

Leo nimefuata majibu. Daktari akaangalia karatasi, akaniangalia usoni, kisha miguuni. Akabonyeza kifundo changu cha mguu. Shimo likabaki.

"Bibi, ulikula nini kabla ya kipimo?"

Nikamweleza, tena kwa fahari. Akavua miwani, akainamisha kichwa mezani. Nikadhani analia. Kumbe anacheka!

"Bibi yangu, ulijijaza chumvi na maji, moyo ukabebeshwa mzigo, ukalalamika. Kipimo kimepanda."

"Kwa hiyo moyo ni mzima?"

"Hapo ndipo sijui. Punguza chumvi, tutarudia baada ya wiki mbili. Na hata damu ikitoka safi, inakisia tu, haiapi."

Nikamgombeza kwa nini hakunikataza. Akasema aliniambia nile kama kawaida.

Aliniambia. Sikutaka kusikia.

Njiani kurudi, Paskali akapiga. Nikamwambia kimepanda, basi. Akasema Jumamosi anakuja na gari la kunichukua mimi, na dalali wa kumchukua ng'ombe.

Nimekaa jikoni na simu mkononi muda mrefu. Nikimwambia habari ya chumvi, ukoo mzima utanicheka mpaka Krismasi. Nisipomwambia, Jumamosi nafungasha. Mimi, niliyemfundisha mtoto yule kukamua, nikajieleze kwake kama mwizi wa mahindi!

Nimempigia.

Amecheka mpaka akakohoa. Akamwita mke wake, wakacheka wote. "Mama, ulijilambisha magadi?" Nimewaacha wamalize. Kisha nikasema: dalali abaki huko huko, tunasubiri kipimo cha pili, na wewe Jumamosi njoo na buti, zizi linanuka. Amekubali, ila ameniapisha: cha pili kikipanda bila chumvi, sitabisha.

Nimeapa. Hilo ndilo linalonitisha, kwa sababu safari hii sina cha kusingizia.

Mbele yangu kuna ugali na mboga isiyo na hata punje ya chumvi. Kama ndicho kinachotakiwa ili nibaki kwangu, nitakula, na kesho nitakula tena. Ila asije mtu akanitaka nisifu mapishi.