Glögg Isiyo na Zabibu

Härnösand, 10 Desemba

Kaka Torkel,

Natangaza rasmi kwamba kuanzia Krismasi hii, zabibu kavu zimefukuzwa katika glögg, kinywaji cha moto cha ukoo wetu.

Baba anaichemsha mwenyewe: vodka, iliki, mdalasini, na glukosi ya duka la dawa badala ya sukari, maana sasa anajua mwili wako hauwezi sukari ya kawaida wala ya matunda. Ndiye yuleyule aliyekulazimisha utotoni umalize zabibu za kikombeni, ukatapika, akasema unadeka. Jana aliionja, akakunja uso.

“Dawa ya farasi! Lakini hii haitamuumiza Torkel, sivyo?”

“Haitamuumiza, Baba. Akija.”

“Basi mwandikie. Ila usiseme nimekuomba.”

Sijasema.

Theluji imefika madirishani, lakini treni zinapita. Baba siku hizi anavaa koti hata jikoni. Daktari hadhani ataiona Februari.

Dada yako,
Gunvor