Jezi ya Kumi

Acocks Green, Birmingham
11 Machi 1973

Dada yangu mpenzi Zuwena,

Asalaam aleikum. Natumai barua hii itakukuta umeshapona lile goti, na kwamba wote hapo Tanga ni wazima. Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Vuai bado yuko kiwandani kule Tyseley. Baridi imempa kikohozi, na kikohozi kimempa kisingizio cha kutoosha vyombo. Mwanangu Mwadini na mwanao Mize wameshatimiza miaka minane wote wawili, na wanakula kama mchwa. Mize anakusalimu sana. Kiswahili anakisikia chote, lakini ukimsemesha anakujibu Kiingereza, kwa hiyo umwie radhi.

Umeniuliza mara mbili habari za mwanao na mara zote nimekujibu kwa mistari mitatu. Leo nitakueleza kwa kirefu. Nakuomba umalize kusoma kabla hujanikasirikia.

Mwezi wa Oktoba Vuai alirudi na habari kwamba Mkanada mmoja, fundi mwenzake kiwandani, anafundisha watoto mpira wa magongo juu ya barafu, kila Jumamosi asubuhi, bure, na viatu vinaazimwa pale pale. Nilimwuliza kama ana akili timamu. Watu wanaikimbia barafu, sisi tupande basi kuifuata? Akasema watoto wakizidi kukaa ndani watavunja kochi. Basi tukaenda.

Viatu vyenyewe, dada, vina chuma chini kama kisu cha bucha. Wanaoanza hupewa kiti cha mbao wakisukume mbele yao wasianguke. Mwadini alikikumbatia kile kiti kama mtu anayehama nyumba. Mize alikisukuma mizunguko miwili, akakirudisha, akaenda zake. Wazazi wengine waliacha chai zao wakamtazama. Sukhdev, jirani yetu dereva wa basi, ambaye naye humleta mwanawe, aliniambia kwamba binti yangu anaruka kabisa. Nikamjibu upesi kwamba wangu mimi ni yule mwenye kiti. Hata sijui kwa nini nilisema vile. Nimemlea Mize tangu ana miaka mitano, ulipomtuma kwangu asome huku, na sijamtenga kwa chakula wala kwa nguo, Mungu ni shahidi yangu.

Wiki zikapita, mambo yakawa yale yale. Mkanada anamwita Mize awaonyeshe wenzake namna ya kusimama ghafla, namna ya kugeuka, namna ya kukokota kwa gongo kile kipande cheusi wanachokipigania. Mwadini anaanguka. Mize anakwenda kumwinua, na hilo ndilo lililokuwa likinichoma zaidi. Nilikuwa nikimtazama anavyokwenda ameinua kidevu, nakuona wewe. Wewe uliyekuwa ukiitwa mbele chuoni usome Kurani, mimi nimekaa nyuma nimeshika viatu vyako. Wewe uliyeposwa na watu watatu kabla mimi sijaulizwa na mmoja. Nilidhani hayo niliyaacha huko, kumbe yalipanda ndege pamoja na mwanao.

Sasa, desturi yetu unaijua. Mtu akimsifu mtoto wako, huiachi ile sifa ikatua. Unasema aa, huyu, hajui kitu, mvivu tu, ili jicho lipite lisimdhuru. Siku ya kwanza Mkanada aliponiambia Mize ana kipaji, nilisema hivyo hivyo kwa nia safi: hajui kitu, na kifua chake kibovu. Loo! Jumamosi iliyofuata mtoto akarudishwa kwenye kiti. Yule bwana alikuwa ameniamini neno kwa neno. Vuai alicheka mpaka akakaa chini, kisha akamweleza mwenzake kwamba kwetu mwenyeji akikwambia hana chakula cha maana, ujue pilau imeshapakuliwa. Mkanada naye akacheka, Mize akapewa gongo lake, na ikawa hadithi ya kuchekesha wageni.

Jumamosi ya tarehe tatu mwezi huu ikachaguliwa timu ya watoto, wakacheze na watoto wa mji mwingine wakati wa Pasaka. Jezi zilikuwa kumi tu. Mkanada alinifuata nilipokuwa nawafunga watoto skafu, akaniambia anamtaka Mize, ingawa atakuwa msichana peke yake, ila anahitaji ruhusa yangu kwa kuwa mimi ndiye niliyeshika nafasi ya mama yake. Mwadini hakumtaja. Alikuwa amesimama hapo hapo, pua inamtoka, na hakumtaja.

Nikamwambia Mize hawezi. Nikamwambia safari hii asidhani ni ile desturi yetu, ni kweli tupu, daktari ameshamkataza kukimbia kwenye baridi. Hakuna daktari, dada. Mwanao ana kifua kizima kuliko changu. Nilijua kwamba Mkanada ataniamini, na nilisema kwa sababu hiyo. Nikaongeza kwamba Mwadini hajakosa hata Jumamosi moja. Akafikiri kidogo, akampa Mwadini ile jezi ya kumi, na nakuambia bila kuficha kwamba nilirudi nyumbani nimefurahi.

Furaha yenyewe haikufika wiki. Jumatano nilikuwa namsuka Mize jikoni, akaniambia, kwa hicho Kiingereza chake, kwamba alisikia yote niliyomwambia mwalimu. Kisha akanishukuru. Alisema anajua kwamba nilikuwa namkinga na jicho, maana pale watu wanamtazama mno, na kwamba ameshamweleza Mwadini asije akadhani mama yake ni mwongo. Nilimsuka mistari iliyobaki, na yote ikaenda upande.

Jana Jumamosi nikamwendea Mkanada. Nilimwambia hakuna daktari wala desturi, nilimwonea mtoto wivu. Akanitazama, akainamia viatu vyake, hakunikaripia. Alisema tu kwamba jezi ni kumi na zote zina wenyewe. Mize akiingia mmoja atatoka, na yeye hawezi kumvua mtoto yeyote jezi kwa kosa la mtu mzima. Basi nikaenda kumwomba mwanangu mimi mwenyewe. Mwadini aliivua mbele ya wenzake, akanitupia, akaenda kukaa nje kwenye basi la Sukhdev lililotuleta. Tangu jana akinisikia nakuja anapitia mlango wa nyuma. Mize hakutaka kuivaa. Nilimlazimisha, nikamwambia mama mdogo amebadili mawazo, basi.

Bado anaamini nilikuwa namkinga. Wewe ndiye mama yake: ukitaka nimwambie ukweli, nitamwambia, na ukitaka arudi kwako, nitamleta mwenyewe mpaka mlangoni. Lakini usije ukanisamehe kwa kudhani nimeshapona. Jana alipofunga bao mazoezini, wazazi wote walipiga makofi, na mimi nikapiga sana kuliko wote, na huku napiga nilikuwa namwombea aanguke.

Wasalimie wote wanaoniulizia, hasa shangazi na watoto wake. Vuai anakusalimu, na hajui nilichokuandikia. Nijibu hata kama ni kwa matusi. Ukinyamaza ndipo nitakapoogopa.

Ni mimi mdogo wako,
Mwanakhamis