Mkono wa Nyuma Kushoto

Gerejini, Jumatano, baada ya kazi

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi na wanangu wawili, na kwamba nyonga yako haikusumbui sana katika baridi hii. Huku sote tu wazima. Goti la mama limepoa. Tangu apate dawa ya kuchua anapanda ngazi za jengo bila kusimama kila ghorofa kupiga soga, na majirani wameanza kulalamika kwamba siku hizi hawapati habari. Baba naye hajambo. Amestaafu lakini hajakubali. Kila asubuhi anavaa viatu, anazunguka jengo mara tatu, kisha anarudi kumwambia mama kwamba leo barabarani kulikuwa na foleni.

Najua barua zangu zimekuwa chache. Tangu uhamie kwa shemeji zako kusimamia ghala la mbao nimekuandikia mara tatu tu, na zote nilizijaza habari za mvua. Wifi aliniambia kwamba ulimwuliza kama nimekukasirikia. Swali hilo nilitembea nalo siku nzima kama kokoto ndani ya kiatu. Sijawahi kukukasirikia, kaka, hata siku moja. Ningeweza kupiga simu, lakini najijua: ungenisikia nikisitasita, ungenipa pole, nami ningeipokea na kukata simu. Kwa hiyo naandika. Nakuomba usome mpaka mwisho, hata kama katikati utatamani kuichana.

Habari za kazini ni kwamba mwezi uliopita kliniki ya macho ilileta pikapu mpya. Ndiyo, kliniki yako. Wanataka kurudi kule bondeni kwenye mashamba ya chumvi, ambako watu wamekaa mwaka mzima na zaidi bila kupimwa macho tangu Konokono aanguke. Watu bado wanaliita gari lile Konokono, kwa kuwa lilibeba nyumba yake mgongoni. Kijumba cha kupakia nyuma nacho ni kipya: kina kitanda cha daktari, meza ya kupimia, ubao wa herufi na kabati la miwani. Mkubwa wetu, Bado Robo (jina hilo unajua alilipataje, maana hajawahi kumjibu mteja kwa maneno mengine), aliniita mbele ya mafundi wote akasema kazi ya kukifunga ni yangu, kwa sababu hata kile cha kwanza nilikifunga mimi, na vyuma vyangu havikuwa na kosa. Alisema hivyo hivyo, havikuwa na kosa. Wenzangu wakagonga spana kwenye meza kunishangilia. Niliinama nikajifanya nafunga kamba za viatu.

Kazi ile niliifanya kwa siku nne. Ya kwanza niliimaliza kwa siku moja na nusu. Wewe uliliendesha gari lile lakini hukuwahi kulala chini yake, kwa hiyo ngoja nikueleze kidogo. Kijumba hakishikiliwi na uzito wake. Chini ya pikapu, kwenye chesisi, tunafunga mikono minne ya chuma, miwili mbele na miwili nyuma. Kutoka kwenye kila mkono mnyororo mfupi unapanda hadi kwenye pete ya kona ya kijumba, na katikati ya mnyororo ndipo ilipo ile skrubu ya kukazia uliyokuwa ukiizungusha kila asubuhi kabla ya safari. Mkono wenyewe ni bomba la pembe nne, lina uwazi ndani. Hapo ndipo penye kazi. Ukitoboa chuma, ukingo wa tundu unabaki mtupu. Ukichomelea, joto linaunguza rangi hata upande usiouona. Lazima uusugue kwa brashi ya waya mpaka ung'ae, uufute mafuta, uupake praima ya zinki, ile rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, ndani na nje, usubiri ikauke, upake tena, usubiri tena. Kisha unamimina nta ndani ya bomba, unaziba ncha kwa mpira, na chini kabisa unatoboa tundu dogo ili maji yakiingia yapate njia ya kutoka. Bolti unazichovya kwenye grisi moja moja. Kusubiri ndiko kunakochosha. Chuma kinakauka kwa wakati wake, wala hakijui kwamba una haraka.

Safari hii nilisubiri. Siku ya tatu mwenzangu mmoja aliniuliza kama nachumbiana na lile bomba.

Siku ya nne alikuja dereva mpya kulitazama gari lake. Ni mtu mcheshi, hana ubaya. Alilala chini pembeni yangu, akaugonga mkono wa nyuma kwa kidole, akasema hivi vyuma ni vizuri, basi yule ndugu aliyekiangusha kijumba alikuwa anakimbizwa na nini? Akasema amesikia ile kona aliichukua kama mtu aliyesahau sufuria jikoni. Hakujua kwamba wewe ni kaka yangu.

Na mimi nilicheka, kaka.

Sikucheka kwa sauti kubwa. Nilicheka kile kicheko cha kumfurahisha mgeni, na nikiwa bado nacheka niliiweka brashi chini. Nilitoka chini ya gari nikaenda kujifungia chooni, nikakaa mpaka Bado Robo akagonga mlango kuuliza kama nimekula kitu kibaya.

Sasa nakuambia.

Siku ile tulipokifunga kijumba cha kwanza, kliniki ilikuwa imemwalika mpiga picha wa gazeti. Angekuja saa tisa alasiri. Bado Robo alikuwa amesema fundi aliyeifanya kazi atasimama katikati, kati ya daktari na gari. Hakuna aliyenilazimisha kuwahi. Yeye mwenyewe alisema kama rangi haijakauka tulipige picha gari likiwa bado juu ya jeki. Mimi nilitaka litoke limekamilika, linang'aa, na mimi mbele yake, fundi mwanamke ambaye wote walisema hataweza. Mikono mitatu nilikuwa nimeipaka ndani na nje siku moja kabla. Wa nne, wa nyuma kushoto, nilikuwa nimeukosea kipimo nikalazimika kuuchomelea upya asubuhi ile. Ukabaki mtupu. Sikuupaka praima. Ndani sikutia kitu. Tundu la kutolea maji sikulitoboa. Niliupulizia rangi nyeusi ya kopo kwa nje, nikaufunga. Nilijiambia kwamba wiki ijayo nitaufungua niufanye inavyotakiwa. Wiki ijayo ikapita, na zilizofuata zikapita. Picha ni ile mama aliyoitia fremu.

Baada ya mwaka na nusu ulikuja kuniambia kwamba mkono wa nyuma kushoto unalia ukipita kwenye matuta. Unakumbuka? Uliegesha mbele ya gereji, ukasema nikutazamie, huyaamini masikio yako. Ningeufungua ungeona kosa langu. Kwa hiyo niliupiga teke mara mbili nikakuambia ni mnyororo tu unacheza, kaza skrubu zaidi. Ukaniamini. Ukasema afadhali una fundi wa nyumbani.

Wiki tatu baadaye, kwenye kona, kijumba kikachomoka kikalivuta gari, ukaanguka. Muuguzi aliyekaa pembeni yako alikuwa amesinzia. Alichojua ni kwamba aliamka gari likiwa limelala ubavu na bega lake limevunjika. Wewe ulikuwa umebanwa nyonga, na bado ulikuwa unasema hukuwa ukienda mbio. Nani angekusikiliza? Baba mwenyewe alisema mbele ya wageni kwamba mguu wako ulikuwa mzito tangu enzi za baiskeli. Nilikuwa nimekaa pale pale nimeshika sinia la chai.

Na bado sijafika kwenye baya lenyewe. Gari lilipovutwa kuletwa gerejini, mkaguzi wa barabarani alisema atafika kesho yake. Bado Robo akaniomba nilitazame kwanza. Nikaingia chini. Mkono wa nyuma kushoto ulikuwa umekatika kama biskuti. Nje rangi yangu nyeusi ilikuwa bado inang'aa, ndani hapakuwa na chuma tena, ni maganda mekundu na chumvi. Niliyagusa yakamwagika usoni mwangu. Nikachukua mashine ya kukatia, nikakiondoa kipande kilichobaki, nikafunga mkono mwingine wa akiba, nikaukwaruza na kuupaka udongo uonekane ulikuwepo siku zote. Mkaguzi alipouliza, nikamwambia vyuma vyote vinne vi salama, mnyororo umechomoka kwenye pete kwa nguvu ya kona. Akaandika. Kwa neno hilo wakakunyang'anya leseni, na kwa neno hilo ukahama mji.

Mara nyingi nilijiambia kwamba nitasema nyonga yako ikishapona, halafu mama akishatulia, halafu ukishapata kazi nyingine. Ulipopata ghala nikajiambia sasa hakuna haja. Unaona nilivyo mwepesi wa kujipa ruhusa.

Sikuandikii ili unisamehe kabla ya wengine kujua. Wameshajua. Ijumaa nilimwambia Bado Robo. Alikalia tairi, kisha akasema kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake kwamba nitoke chini ya magari ya watu mpaka aseme vinginevyo. Sasa nafagia na kupanga spana. Jumatatu nilikwenda na maelezo yangu niliyotia sahihi hadi ofisi ya usalama barabarani; nakala imo ndani ya bahasha hii, itunze. Watanishtaki au hawatanishtaki, hawajasema. Kwa muuguzi nilikwenda nyumbani kwake. Alinifungulia mlango, akanisikiliza nikiwa nimesimama kizingitini, akafunga mlango. Sikutarajia zaidi.

Kutoka hapo nilikwenda kwa daktari wa macho. Jambo la kwanza aliloniuliza ni kama mikono ya gari jipya ni salama. Nikamwambia amwite fundi wa gereji nyingine aifungue yote, nami nisiwepo. Akasema atafanya hivyo. Kisha akatoa faili la ajali. Alisema kuna jambo alilikuta humo ambalo halijawahi kumkaa sawa, na akanigeuzia ukurasa nisome mwenyewe.

Ni maelezo yako, kaka. Waliuliza: kabla ya ajali uliona au kusikia hitilafu yoyote? Umejibu: ndiyo, mlio nyuma kushoto. Wakauliza: ulimwarifu fundi? Umejibu: hapana, nilisahau.

Hukusahau. Uliegesha mbele ya gereji, ukashuka, ukaniita kwa jina. Ungesema ndiyo tu, wangenijia mimi kwanza, na wewe leo ungekuwa na leseni yako. Ulikuwa umelala na vyuma kwenye nyonga, watu wazima wanakuita mzembe, na bado ulikuwa unanificha mimi. Nami nilikuwa nimekuficha wewe shimoni. Nilisoma mistari ile miwili nikashindwa kuinua uso. Daktari akaliondoa faili taratibu, akasema ataandika barua ya kutaka urudishiwe leseni. Kazi hawezi kuahidi, kwa sababu ya dereva mpya. Nimeona ni vizuri ujue hivyo ilivyo, bila kupambwa.

Sijui ulijua kiasi gani. Huna haja ya kuniambia. Ukitaka kunijibu, nitashukuru. Ukinyamaza, nitaelewa, na maelezo yangu ofisini yatabaki yalivyo.

Wazazi niliwaambia Jumapili, tukiwa mezani. Mama alilia akauliza kama wewe unajua. Baba aliinuka mezani. Baadaye alimwomba mama namba ya ghala lenu, akaiandika nyuma ya karatasi ya dawa. Tangu hapo nimemwona mara mbili akibonyeza, akasikiliza simu ikiita, akaikata kabla hujapokea.

Nisalimie sana wifi, na umwambie namshukuru kwa kuniambia ulichomwuliza. Wabusu wanangu, na kama watauliza shangazi yao anafanya kazi gani sasa, waambie anafagia. Ulinde mguu wako na unyevu wa mbao zile.

Na simu ya ghala ikilia, ukapokea, ukasikia mtu anapumua tu bila kusema, tafadhali usiikate. Ni baba. Mpe muda.

Ni mimi mdogo wako,
ninayekufuata kwa kuzaliwa